Gemu inakwama? Usikimbilie bando, na mshkaji usimkunje shati

Waliokuwa na homa nawapa pole, walioachwa na wachumba nawaambia dunia haijaisha, na waliopokea mishahara nawaomba wanikumbuke. Leo siongelei mapenzi. Msinune! Nina jambo la vijana, hasa wa kiume, ingawa siku hizi kina dada nao wamo, tena wengine wana shabaha mpaka unatamani kuuliza walipitia kambi gani ya JKT.

Naongelea gemu za kupigana risasi kwa njia ya intaneti. PUBG Mobile, Call of Duty: Mobile, Free Fire na ndugu zao. Kama una kijana nyumbani huna haja ya kuelezwa. Anakaa kashika simu kwa mlalo, masikio kayaziba, mara anapiga kelele peke yake, "Nyuma yako! Nyuma yako!" mpaka bibi anageuka kuangalia kuna nini.

Sasa ugonjwa mkubwa wa gemu hizi ni kukwama. Vijana wanauita lagi. Unamwona adui, unafyatua, risasi haitoki. Unakimbilia mlangoni, ghafla unajikuta umerudishwa ulikotoka kama abiria asiye na nauli. Ama unajificha nyuma ya ukuta, unavuta pumzi, unasema hapa nimepona, kumbe marehemu.

Msiichukulie lagi kama mchezo wa watoto. Mtaani kwetu kuna vijana wawili, marafiki tangu darasa la kwanza, walikunjana mashati kibarazani kwa watu. Walikuwa wamewekeana shilingi elfu kumi. Aliyekufa nyuma ya ukuta akamwita mwenzake mwizi, eti katia programu ya wizi kwenye simu ndiyo maana risasi zake zinapenya matofali. Bibi mwenye kibaraza ikabidi awamwagie maji. Mpaka leo wanapishana njiani bila salamu. Yuko mwingine, dereva wa bodaboda, alinunua bando la wiki, gemu ikakwama. Akanunua la mwezi, ikakwama vile vile. Sasa anatembeza simu yake anatafuta mnunuzi, anasema simu ina mkosi.

Urafiki umevunjika, hela za mafuta zimeliwa na simu inataka kuuzwa, na mwizi hakuna, bando halina kosa, wala simu haina mkosi. Ndiyo maana nimeona leo tulizungumze.

BASI KUBWA SI BASI LA HARAKA

Wengi wanadhani intaneti nzuri ni ile yenye mbio, na mbio zenyewe wanazipima kwa megabiti. Hapo ndipo tunapoliwa hela. Zile megabiti zinazotangazwa ni ukubwa wa basi, zinakwambia abiria wangapi wanaingia kwa mara moja. Hazikwambii basi litachukua muda gani kutoka Dar mpaka Morogoro. Basi la watu sitini na la watu thelathini, barabara ikiwa moja na foleni ikiwa moja, yanafika saa moja.

Ukiangalia filamu unataka basi kubwa, maana mizigo ni mingi. Gemu ya risasi haina mizigo mingi. Inachotuma ni vibarua vidogo vidogo: niko hapa, nimegeuka kulia, nimefyatua. Vinakwenda mara nyingi katika kila sekunde, lakini ni vyepesi. Kwa kawaida saa nzima ya gemu ya simu haimalizi hata megabaiti 100. Kinachomaliza bando ni gemu kujipakua upya kila yanapotoka mabadiliko, hapo zinaondoka gigabaiti. Kwa hiyo kijana anayenunua bando kubwa ili aache kukwama ni kama mtu anayekodi lori kupeleka barua.

Kinachohitajika ni barua ifike mapema na jibu lirudi mapema. Muda huo wa kwenda na kurudi wachezaji wanauita pingi, na unahesabiwa kwa milisekunde, yaani sekunde moja ukiigawa mara elfu. Ndiyo ile namba inayokaa pembeni ya kioo wakati unacheza. Ikiwa chini ya 50 kula maisha. Kati ya 50 na 100 huna sababu ya kulalamika. Ikifika 150 unacheza lakini unaanza kuona tofauti. Ikipita 200 jiandae kufa nyuma ya kuta.

Utasema, milisekunde 200 ni nini bwana? Binadamu wa kawaida akiona kitu ghafla, mpaka kidole kibonyeze huchukua kama robo sekunde, yaani milisekunde 250. Ukiongeza 200 za njiani umekaribia kuwa mzito maradufu. Mwenzako mwenye pingi 40 anakuona kama mtu aliyetoka kula ubwabwa wa shughuli.

Kuna mengine mawili mabaya kuliko pingi kubwa. La kwanza ni pingi inayoyumba, mara 60, mara 300, mara 80. Afadhali 120 iliyotulia, mkono utaizoea. La pili ni barua kupotea kabisa njiani. Zikipotea mbili tu katika kila mia unaanza kuona watu wanaruka kama panzi. Filamu inaweza kuomba iliyopotea itumwe tena, ndiyo maana inasimama kidogo kisha inaendelea. Gemu ya risasi haina subira hiyo. Ikipotea imepotea, twende na inayofuata.

NJIA INA VIPANDE VINNE

Shika hili kuliko yote ya leo. Kati ya kidole chako na adui yako kuna vipande vinne vya njia. Cha kwanza ni simu au kompyuta yako. Cha pili ni hewa, kutoka kwenye simu mpaka kwenye ruta ya waifai ama kwenye mnara. Cha tatu ni safari ndefu ya chini ya ardhi na bahari. Cha nne ni seva, yaani ile kompyuta kubwa ya wenye gemu inayosimamia mechi. Lagi inaweza kukaa popote katika hivyo vinne. Ukinunua dawa kabla ya kujua kinachouma ni kipi, umetibu jino kwa dawa ya minyoo.

Tuanze na simu yenyewe, maana ndiyo inayosingiziwa sana na wakati mwingine ndiyo yenye kosa kweli. Angalia namba ya pingi. Kama imetulia, iko chini, lakini picha inakatakata, hapo mtandao hauna hatia. Ni simu imelemewa. Punguza ubora wa picha kwenye mipangilio ya gemu, hata kama maua hayatapendeza, wewe hukwenda kule kuangalia maua. Funga programu nyingine zote. Futa video za harusi za mwaka juzi zilizojaza nafasi. Na hii tabia ya kucheza huku simu iko kwenye chaji na imevalishwa kava nene, acha. Simu ikipata moto inajipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue. Ndiyo maana mechi ya kwanza inakwenda vizuri, ya nne inakuwa kama konokono.

Kipande cha pili ni hewa. Kama unatumia waifai, ujue ruta nyingi zinarusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 inafika mbali na inapita ukutani vizuri, lakini ni kama soko la Kariakoo, kila mtu yumo. Waifai za majirani zimo, spika za Bluetooth zimo, na hata ile oveni ya kupashia chakula ya maikrowevu inapiga kelele humo humo. Ya 5 haina msongamano huo, ila inachoka upesi ikikutana na kuta. Ukiwa chumba kimoja na ruta, chagua ya 5. Ukiwa vyumba vitatu mbali, wewe sogea, ama ruta isogezwe. Kuna nyumba ruta imefichwa nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna maua ya plastiki. Itafanya kazi saa ngapi?

Mwenye kompyuta au PlayStation, dawa yako ni waya. Nunua waya wa mtandao, chomeka kutoka kwenye ruta mpaka kwenye mashine, umemaliza habari ya hewa. Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kununua kiti cha kuchezea chenye taa, na waya wa mita tano hawana.

Kama unatumia data ya simu, kile kipande ni mnara. Na hapa usidanganywe na mistari ya mtandao iliyojaa. Mistari inakwambia sauti ya mnara inakufikia vizuri. Haikwambii watu wangapi wanaongea nao. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tano mtaa mzima uko kwenye simu, mnara unagawana. Jaribu saa kumi na moja alfajiri uone maajabu, ingawa sikushauri uwe popo, shule na kazi zipo. Sogea dirishani. Kama gemu inarukaruka kila simu inapohama kati ya 3G na 4G, ingia kwenye mipangilio uiambie ikae 4G. Na kabla ya kununua bando la mwezi la kampuni yoyote, nunua la siku moja kwanza, cheza saa zako za kawaida ndani ya chumba chako, uone namba. Mtandao unaotamba Mbezi unaweza kuwa taabani Mbagala. Mambo ya minara ni ya mtaa kwa mtaa.

DADA NA TAMTHILIA YAKE

Hapa pana ugomvi wa nyumbani, nataka tuutulize. Waifai ni moja. Kaka anacheza sebuleni, dada yuko chumbani anatuma kazi yake ya chuo, mama anaangalia tamthilia, na simu ya mdogo wao wa mwisho inapandisha picha 400 za kipaimara kwenda kuhifadhiwa mtandaoni. Ghafla pingi ya kaka inatoka 70 inakwenda 600. Kaka anainuka anazima ruta. Dada analia, kazi haijafika kwa mwalimu. Mama anauliza nani kaikata tamthilia yake. Vita.

Kilichotokea ni foleni mlangoni. Njia ya kutoka ndani kwenda nje mara nyingi ni nyembamba kuliko ya kuingia. Mtu mmoja akituma mzigo mkubwa, mizigo inapanga mstari ndani ya ruta, na kile kibarua kidogo cha gemu kinaambiwa kasimame nyuma ya malori. Ndiyo maana hata ukinunua intaneti yenye mbio mara mbili, lori likijaa mlangoni utakwama tu.

Dawa ni kupangana. Kuhifadhi picha kwenda mtandaoni kuwekwe usiku wa manane. Magemu na simu ziambiwe zisijipakue zenyewe mchana. WhatsApp izuiwe kushusha kila video ya kikundi cha ukoo. Ruta nyingine zina sehemu iliyoandikwa QoS, ukiingia humo unaweza kuiambia mashine ya gemu ipite mbele ya foleni. Na wewe kaka, dada akiwa na kazi ya chuo, subiri. Erangel ya kwenye PUBG haihami. Cheti cha dada ndicho kitakachowalipia waifai baadaye.

MWANGA NAO UNACHOKA

Sasa tufike kwenye safari ndefu. Hapa kuna jambo ambalo hata ungekuwa na hela za Bill Gates huwezi kulibadilisha. Taarifa zinasafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, na mwanga humo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni mbio za kutisha, lakini dunia nayo ni kubwa. Kutoka Dar mpaka Frankfurt, Ujerumani, kwa mstari wa ndege ni karibu kilomita 7,000. Kwenda na kurudi 14,000. Hesabu ya haraka: milisekunde 70 zimekwisha, na hapo tumedhani waya umenyooka kama rula. Waya haujanyooka. Unazunguka baharini, unaingia stesheni, unabadilishwa njia, kwa hiyo namba utakayoiona ni kubwa kuliko hiyo. Johannesburg kwa mstari huo huo ni kama kilomita 2,500, yaani milisekunde 25 kabla ya mizunguko.

Kwa hiyo ukiingia kwenye gemu, tafuta pale panapochaguliwa eneo la seva. PUBG Mobile inakupa orodha ya maeneo, Ulaya, Asia, Mashariki ya Kati na mengineyo. Valve, wenye Counter-Strike, wana seva Johannesburg. Riot, wenye VALORANT, wana seva Bahrain. Jaribu moja moja uangalie namba, usichague kwa sababu jina linavutia. Kuna vijana wamejiweka Marekani ya Kaskazini eti wacheze na Wamarekani. Kila risasi inavuka bahari mbili, halafu wanalaumu mnara wa Tandika. Ila soma masharti kabla ya kubonyeza, maana gemu nyingine ukishabadili eneo zinakuzuia kubadili tena kwa muda.

Tusiwe watu wasioshukuru pia. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuwashwa Julai 2009, intaneti yetu nyingi ilikuwa inapanda kwenye setilaiti iliyoko kilomita 36,000 angani. Ipande, ishuke, jibu lipande, lishuke. Safari hiyo peke yake ni karibu nusu sekunde. Kucheza gemu ya risasi kwa hali ile ilikuwa kama kugombana kwa barua za posta. Mikongo ndiyo iliyotutoa huko. Lakini mkongo nao ni waya. Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja kusini mwa Afrika, na watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine wakaona cha moto. Siku kama ile hakuna bando, hakuna ruta, hakuna waya. Kacheze karata na wenzako, meli ya mafundi iko njiani.

RISASI ILIYOPENYA UKUTA

Sasa nirudi kwa wale marafiki wawili wa kibarazani, maana ukweli wao uko hapa.

Mwaka 1996 kampuni ya id Software ya Texas, Marekani, ilitoa gemu ya Quake. Wenye mtandao mzuri walifurahi, lakini waliokuwa wanapiga simu kwa modemu walikiona. Ukibonyeza kwenda mbele unasubiri seva ijibu ndipo uende. Desemba mwaka huo huo fundi wao mkuu John Carmack akaleta QuakeWorld yenye ujanja mpya. Kompyuta yako haisubiri tena. Inakisia seva itajibu nini, inakusogeza hapo hapo, halafu jibu likija tofauti inakurekebisha. Ndiyo maana lagi ikizidi unarudishwa ghafla ulikotoka. Kompyuta ilikisia vibaya.

Ukabaki ugumu wa kulenga. Mwenye pingi 150 anapoona adui mlangoni, kwa kweli anaona picha iliyopitwa na wakati. Akimpiga kifuani, yule alishapita. Valve, wenye Half-Life na Counter-Strike, wakaleta dawa, na mwaka 2001 fundi wao Yahn Bernier akaieleza kwa maandishi. Seva inakumbuka kila mtu alikuwa wapi muda mfupi uliopita. Wewe ukifyatua, inarudisha saa nyuma kidogo, inaangalia: alipofyatua huyu, kwenye kioo chake adui alikuwa wapi? Kama alikuwa kwenye shabaha, amepigwa. Gemu nyingi za risasi za leo zinatumia namna hiyo hiyo.

Sasa weka sikio. Mpigaji aliona adui bado hajafika ukutani, akafyatua, seva ikampa haki yake. Aliyepigwa kwenye kioo chake alishafika nyuma ya ukuta, akashangaa anakufa. Wote wawili wanasema kweli! Hakuna risasi iliyopenya tofali, hakuna programu ya wizi. Kila mmoja alikuwa anaangalia saa yake, na saa zinapishana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wezi wa gemu wapo, sikatai, na wenye gemu wanawafungia. Lakini kifo kimoja nyuma ya ukuta si ushahidi wa kumkunja mtu shati, sembuse kuvunja urafiki wa tangu chaki na kifutio. Ukiwa na wasiwasi, angalia pingi yako na yake kwanza.

NAMNA YA KUMKAMATA MCHAWI

Mwenye kompyuta ana kipimo cha bure. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika neno ping, acha nafasi, kisha weka namba ya ruta yako. Namba hiyo mara nyingi imebandikwa chini ya ruta, nyingi ni 192.168.1.1 ama 192.168.0.1. Jibu likirudi kwa milisekunde chache tu, moja mpaka tano hivi, na halikosekani, hewa ya ndani ni salama. Likirudi kwa 80, mara 200, mara limepotea, mchawi yuko ndani ya nyumba yako, ni waifai. Usimpigie mtu simu, shughulika na ruta. Kama ya ruta ni safi, pima ya mbali, andika ping 8.8.8.8. Hiyo ikiyumba wakati hakuna mwingine anayetumia waifai, hapo ndipo una haki ya kuwapigia wenye mtandao, na uwape hizo namba. Mtu mwenye namba anasikilizwa kuliko mwenye matusi. Na kama zote mbili ni safi lakini gemu moja tu ndiyo inakwama, kosa liko kwa seva ya gemu. Lala, kesho watakuwa wametengeneza.

Wa PlayStation na Xbox wana shida yao ya ziada. Gemu inaingia lakini husikii sauti za wenzako, ama unashindwa kuingia kwenye chumba cha rafiki. Mara nyingi nyumbani kuna ruta mbili zimefuatana, ya wenye mtandao na ya kwako uliyonunua, kila moja inafunga mlango kivyake. Acha moja ifanye kazi ya ruta, na humo washa kitu kinachoitwa UPnP, kinaruhusu mashine kuomba kufunguliwa mlango.

La mwisho ni hizi programu zinazojiita za kuondoa lagi, na VPN za bure. VPN inachukua barua yako inaipitisha kwa mtu wa kati. Mara chache sana mtu huyo anajua njia ya mkato, kwa hiyo pingi inapungua kweli. Mara nyingi umeongeza kituo tu kwenye safari. Na za bure zile, jiulize anayekubebea barua zako zote bila malipo anakula nini. Usije ukaondoa lagi ukaondoka na neno la siri la benki.

Haya, nimesema mengi mpaka mate yamekauka. Dereva wetu wa bodaboda nimemwambia asiuze simu kwanza. Atoe kava, asichezee kwenye chaji, abadili eneo la seva, na bando la siku moja linatosha kwa majaribio. Mzigo wote huo ni bei ya sahani ya chipsi.

Wiki ijayo nina barua ya dada mmoja ambaye mchumba wake anataka waweke simu mezani zikiwa wazi kila jioni, na mwenyewe ana simu ya pili kwa fundi. Hiyo haitaki pingi, inataka busara. Mkae salama, na pingi zenu ziwe za kijani.